Kugeuza HiAce kuwa kempa: mwongozo kwa mhandisi wa usanifu

Kempa yangu ya kwanza, yaani gari la safari lenye kitanda na jiko ndani, ilikuwa HiAce iliyostaafu kubeba abiria. Ilinichukua miezi saba ya jioni na Jumamosi, na kila aliyeiona aliisifu. Kisha akaja mama mmoja mwenye kampuni ndogo ya utalii, akakaa kitandani, akafungua droo mbili tatu, akaniambia, "Kijana wangu, nitengenezee kama hii. Mbili." Nikabaki nakuna kichwa. Sikuwa na mchoro hata mmoja. Kila ubao nilikuwa nimeukata kwa kuujaribisha pale pale, na vipimo vilikuwa vimeandikwa kwa penseli upande wa ndani wa makabati, mahali ambapo huwezi kuvisoma mpaka uyabomoe.

Ndiyo siku niliyoelewa kazi niliyosomea. Kutengeneza kitu kizuri kimoja ni ufundi, na mafundi wazuri tunao tele. Usanifu wa bidhaa ni kukiandaa kitu hicho ili seremala ambaye hujawahi kuonana naye akitengeneze tena, kitoke vilevile, na kisimrudishe mteja kwako akiwa amekasirika. Hatua zilizo hapa chini ndizo nilizozifuata kwenye gari la pili na la tatu. Nimezilenga kwa mhandisi kijana anayetafuta njia ya kuingia kwenye kazi hii, ila hata fundi asiye na cheti atafaidika nazo.

Kwanza, kuhusu kazi yenyewe

Tanzania wengi huanzia shahada ya uhandisi mitambo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Teknolojia (DIT), kisha husajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, na kupitia mafunzo ya vitendo ya SEAP ya miaka mitatu kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Kenya bodi ni EBK, na vyuo kama JKUAT vina karakana nzuri. Usajili una faida, hasa siku utakapotakiwa kutia sahihi kwenye mchoro. Lakini hakuna mwajiri wa ukuzaji bidhaa aliyewahi kuniuliza alama zangu za thermodinamiki. Huuliza: umetengeneza nini, kilivunjika wapi, ukafanyaje?

Nafasi zipo, ingawa haziandikwi "usanifu" kila mara. Zipo kwenye viwanda vya plastiki, fanicha na majiko (BURN wako Ruiru), kwenye pikipiki za umeme (Roam wako Nairobi), na kwenye taasisi za serikali kama TEMDO na CAMARTEC za Arusha au Nyumbu iliyoko Kibaha. Kempa moja iliyoandikwa vizuri kwenye jalada lako la kazi ina karibu kila kitu wanachokitafuta: vyuma, mbao, umeme, maji, usalama, gharama na binadamu. Neno muhimu ni *iliyoandikwa*. Piga picha za vitu vilivyoharibika pia. Mimi niliajiriwa kiwandani kwa sababu ya picha ya reli ya droo iliyopinda na ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini ilipinda.

Hatua ya 1: Andika mahitaji, si matamanio

Mteja atakwambia anataka kempa "ya kisasa". Hilo halipimiki. Muulize watalala wangapi, mrefu kuliko wote ana sentimita ngapi, siku ngapi bila kupita mjini, wanapika nini, na wapi. Anayelala Kigamboni anapigana na joto na chumvi. Anayelala kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro yuko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na alfajiri atakutafuta akulaumu kwa baridi. Andika kila hitaji kwa namna ambayo mtu mwingine anaweza kulikagua akiwa na futi na saa mkononi: "kitanda kinatandikwa na mtu mmoja ndani ya dakika 2" ni hitaji. "Kitanda rahisi kutandika" ni maneno tu.

Mahitaji yasizidi ukurasa mmoja. Mteja aweke sahihi.

Hatua ya 2: Lijue gari kabla hujalipenda

HiAce ya kizazi cha H200, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo imejaa barabarani kwetu, kwa hiyo vipuri si tatizo. Ile ya kawaida ina urefu wa mm 4,695 na upana wa mm 1,695. Namba hizo hazikutokea kwa bahati. Sheria ya Japani huyaweka magari yasiyozidi mita 4.7 kwa 1.7 kwenye daraja la magari madogo, na Toyota waliisogeza bodi hadi mpakani. Matokeo yake kwako: upana wa ndani ni kama mita 1.5, kwa hiyo mtu mzima halali kukingama. Kitanda lazima kiende kwa urefu wa gari, nacho kikishaenda hivyo kimekula zaidi ya nusu ya sakafu. Wazungu wenye Fiat Ducato hulala kukingama kwa sababu gari lao ni pana. Ukinakili ramani zao za mtandaoni, utaumia.

Ile ndefu yenye paa la juu ina urefu wa mm 5,380, upana wa mm 1,880 na kimo cha mm 2,285. Kwa familia nashauri hiyo. Kwa watu wawili, ile ndogo inatosha na ni rahisi kuigeuza kwenye njia finyu.

Kabla ya kulipa, ng'oa zulia. Angalia kutu chini ya milango ya nyuma, kwenye nguzo za kioo cha mbele na mahali viti vya abiria vilipofungwa. Gari lililobeba abiria huwa limetobolewa sakafu kama chujio. Aliyeko Kenya akumbuke pia kwamba gari linaloagizwa halitakiwi kuzidi umri wa miaka 8.

Hatua ya 3: Uzito

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kempa nyingi za nyumbani hufeli bila mwenyewe kujua.

Lipeleke gari tupu kwenye mizani. Pima ekseli ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, kisha gari zima. Toa jumla hiyo kwenye uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari, utoe na abiria pamoja na mizigo yao. Kinachobaki ndiyo bajeti yako, na kwa kawaida ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Sasa fungua jedwali, uandike kila kitu hata skrubu. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa mm 18 ina kama kilo 35. Ya mm 12 ina kama 23, ya mm 9 kama 17. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya mm 18 hufika kilo 40, na ikinywa maji huvimba kama mandazi. Seremala wa fanicha za nyumbani hupenda mm 18 kwa kila kitu, maana kabati la nyumbani halisafiri. Mwambie mapema: mm 12 kwa fremu, mm 9 kwa milango, na uimara utoke kwenye kona na viungo.

Kisha mahali pa kuweka uzito. Gari langu la kwanza liliwekwa tangi la maji la lita 60 nyuma kabisa, karibu na mlango, kwa sababu palikuwa na nafasi. Hesabu ni ya shule ya sekondari. Umbali kati ya ekseli mbili za HiAce ya kawaida ni mita 2.57. Tangi lilikuwa mita 3.2 nyuma ya ekseli ya mbele. Kwa hiyo ekseli ya nyuma ilipata 60 × 3.2 ÷ 2.57, yaani karibu kilo 75. Kilo 75 kutoka kwenye maji ya kilo 60! Hizo 15 za ziada zilinyanyuliwa kutoka magurudumu ya mbele, yale yanayokata kona. Ongeza betri, mtungi na masanduku upande huohuo wa nyuma, usukani unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza, hasa kwenye mteremko wenye vumbi. Kwenye gari la pili tangi lilihamia katikati ya ekseli, chini ya benchi. Gharama ya kulihamisha kwenye karatasi: sifuri.

Uzito usawazishe kulia na kushoto pia. Jiko, friji na maji vikikaa upande mmoja, springi za upande huo zitakusimulia.

Hatua ya 4: Maboksi kabla ya mbao

Chora sakafu ya gari kwa chaki sebuleni, kwa ukubwa wake halisi. Kusanya maboksi ya televisheni, kata, panga kitanda, jiko na kabati. Halafu ishi humo jioni moja. Chemsha chai ukiwa umekaa. Mwenzako aamke "usiku" kwenda chooni bila kukukanyaga. Jifanye mvua inanyesha na viatu vina tope: vinavuliwa wapi?

Boksi la nusu saa limeniokolea plaiwudi nyingi sana. Fanya mipangilio mitatu tofauti kweli, si mmoja wenye rangi tatu, uipige alama kwa kutumia ule ukurasa wa mahitaji. Hifadhi picha za miwili iliyokataliwa. Kwenye usaili wa kazi ndizo zitakazozungumzwa.

Hatua ya 5: Mchoro ambao fundi ataufuata bila wewe kuwepo

FreeCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, ni ya bure na inatosha. Chora gari kwa ukali tu, chora samani kwa makini.

Kosa ambalo hata wahitimu hulifanya ni kupima kwa mnyororo: kabati la kwanza mm 400, la pili linaanzia lilipoishia la kwanza, la tatu hivyo hivyo. Kila kabati likikosewa mm 2, la tano linaweza kuwa limesogea mm 10, na mlango wa pembeni wa gari haufungi. Chagua mstari mmoja wa kuanzia, mimi hutumia ukingo wa nyuma wa nguzo ya mlango wa pembeni, na vipimo vyote vitoke hapo. La kwanza 400, la pili 800, la tatu 1,200. Kosa la mmoja halimwambukizi mwenzake.

La pili: bodi ya gari haijanyooka. Ukuta umejipinda kwenda juu na una mbavu. Usimwambie seremala ubao uguse bati. Acha pengo la mm 10 na kipande cha kufunika kinachochongwa mwishoni, garini. Pengo hilo linasaidia pia bodi ikijipinda. Droo zangu za kwanza zilikuwa zimebana vizuri mno gereji. Nilipoegesha gurudumu moja kwenye mtaro, bodi ikajipinda kidogo, zote zikagoma kufunguka. Nilikula ugali bila sahani jioni ile, kwenye sufuria.

Karatasi ya mchoro iwe na vitu vinne tu: umbo, vipimo, aina ya ubao, na herufi ya toleo. Herufi hiyo usiidharau. Ukibadilisha kitu, A inakuwa B na karatasi ya zamani inachanwa mbele ya fundi. Nimewahi kulipia milango sita iliyokatwa kwa mchoro wa wiki iliyopita.

Hatua ya 6: Umeme

Anza na matumizi, si na paneli. Friji ya kompresa ya volti 12 inakula kama wati 45 ikiwaka, na kwenye joto letu tuseme inawaka asilimia 40 ya muda: 45 × 24 × 0.4, sawa na wati-saa (Wh) 432 kwa siku. Feni wati 20 kwa saa 8 ni 160. Taa 50. Simu na kompyuta 150. Jumla ni karibu Wh 800.

Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, ya ampea-saa (Ah) 100, ina volti 12.8, yaani Wh 1,280: siku moja na nusu. Ya asidi ya Ah 100 usiitumie kupita nusu kama unataka idumu, kwa hiyo ni kama Wh 600, na ni nzito zaidi ya mara mbili. Paneli ya wati 200 iliyolala bapa juu ya paa, kwa saa 5 za jua kali na hasara zake, itakupa kama 700. Pengo la 100 linazibwa na chaja ya kutoka kwenye alteneta ndani ya nusu saa ya kuendesha. Mfumo umesawazika.

Mteja atauliza birika la umeme. Mwonyeshe hesabu: wati 1,500 gawanya kwa volti 12 ni ampea 125, kabla ya hasara ya inveta. Chai ichemshwe kwa gesi.

Waya ndipo mafundi wa magari wengi hubana matumizi pasipostahili. Chukua pampu au friji inayovuta ampea 10, mita 4 kutoka kwenye betri. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 8. Kwa waya wa shaba wa mm² 2.5 ukinzani ni 0.0175 × 8 ÷ 2.5, yaani 0.056, volti inayopotea ni 0.56, karibu asilimia 5. Friji itajizima usiku ikidhani betri imeisha. Kwa waya wa mm² 6 unapoteza 0.23 tu. Tofauti ya bei ni ya chakula cha mchana.

Fyuzi kuu ikae karibu kabisa na betri, ndani ya sentimita 20. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo ukubwa wake usizidi uwezo wa waya. Kila waya unaopita kwenye bati upitishwe ndani ya raba. Na anayechomelea chochote kwenye bodi aondoe betri kwanza, kompyuta ya gari isiungue.

Hatua ya 7: Gesi, moshi na mgongano

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatambaa sakafuni na kukusanyika, wala haipandi dirishani. Mtungi ukae kwenye sanduku lake lililozibwa upande wa chumbani, lenye tundu sakafuni linalotokea nje. Jiko la mkaa lisiingie garini hata kama limebaki majivu ya moto tu. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na anayelala haamki. Weka kengele ya kugundua monoksidi, na usikubali mteja aitoe kwenye bajeti.

Kwa mgongano natumia makadirio ya mara 20 ya uzito. Betri ya kilo 12 inakuwa mzigo wa kilo 240 unaoruka kuelekea kisogo cha dereva. Mikanda ya kamba haitoshi hapo. Funga kwa bolti zinazopita hadi kwenye chuma cha bodi, na pete bapa za chuma (washa) zilizo pana upande wa chini. Kiti cha abiria chenye mkanda kisitengenezwe kwa mbao na mtu yeyote, hata awe hodari vipi. Tumia kiti na nanga za kiwandani.

Kabla ya kujenga, orodhesha kila kinachoweza kuharibika, ukipe alama 1 hadi 10 kwa madhara, kwa uwezekano, na kwa ugumu wa kukigundua, kisha zidisha. Viwandani wanaita FMEA. Mimi naitumia kwa tahadhari: droo inayofunguka yenyewe inaweza kupata 4 × 8 × 6, yaani 192, na gesi kuvuja ikapata 10 × 3 × 4, yaani 120. Jedwali linasema anza na droo. Usilitii. Chochote chenye 10 kwenye madhara kinashughulikiwa kwanza.

Hatua ya 8: Kujenga na kujaribu

Mpangilio wa kazi: kutu, matundu ya paa na madirisha, jaribio la maji, kizuia joto, waya, sakafu, kuta, samani, gesi na maji mwishoni. Jaribio la maji ni mpira wa bustani juu ya paa kwa dakika 20 huku mtu akiwa ndani na tochi. Lifanyike kabla ya kuta, maana baadaye utaona doa bila kujua lilikotoka.

Likikamilika, chukua rangi nyeupe na brashi nyembamba. Piga mstari mmoja unaovuka kila nati na bolti yake. Jaza maji, jaza vyombo, endesha kwenye barabara mbaya. Ile ya kutoka lango la Naabi Hill kwenda Seronera, yenye mawimbi yake, ni maabara bora kuliko zote ninazozifahamu, ingawa kiingilio chake si cha bure. Barabara yoyote ya changarawe yenye kilomita 50 hivi inafaa. Ukirudi, kagua mistari: iliyokatika ni nati iliyozunguka. Badilisha uweke nati zenye nailoni, rekebisha mchoro, rudia safari. Gari la pili lilikatika mistari tisa safari ya kwanza, mmoja safari ya pili.

Hatua ya 9: Karatasi na bei

Ukipunguza viti au kubadili aina ya bodi, kumbukumbu za gari nazo zibadilishwe, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi. Nenda kaulize kabla ya kukata bati.

Bei ipange kutoka kwenye orodha ya vifaa na daftari la saa. Gari la kwanza sikuandika saa, kwa hiyo sikujua kama nilipata au nilikula hasara. La pili nilipoandika, niligundua saa 41 zilikwenda kwenye bawaba na vitasa pekee. Gari la tatu lina aina moja ya bawaba na aina moja ya kitasa kote.

Siku ya kukabidhi, mlaze mteja garini usiku mmoja palepale kwenye uwanja wako, ukimpa daftari na kalamu. Yule mama alilala na mjukuu wake. Asubuhi alinirudishia ukurasa wenye mistari kumi na moja. Wa kwanza ulisema: "Baba, swichi ya taa iko upande wa kichwa cha anayelala ukutani. Anayeamka kwenda chooni ni yule mwingine." Nikafungua mchoro wa waya, nikahamisha swichi mm 900, nikafuta B nikaandika C.